Umehamia nje na supamaketi inakuchanganya? Anza hivi

Wiki ya kwanza baada ya kuhama niliingia supamaketi kununua vitu vinne tu, maziwa, mkate, mayai na chumvi, nikatoka baada ya saa nzima na zaidi nimebeba vitu tisa, na hayo maziwa yenyewe hayakuwa maziwa. Chupa nyeupe, ina picha ya ng'ombe kasimama kwenye majani, imepangwa friji moja na maziwa mengine, sasa mtu ungefikiria ni nini? Nimefika nyumbani nikachemsha chai, nikamimina, palepale ikakatika, vipande vyeupe vinaelea juu, nikabaki nakikodolea macho kikombe. Kumbe mtindi. Na jina lilikuwa limeandikwa mbele kwa herufi kubwa kabisa, ila sikulijua kwa hiyo sikulisoma, nikasoma ng'ombe.

Hizi hatua nimeziandika kwa ajili ya mtu ambaye ndo kwanza amefika na bado kila akienda dukani anarudi na hasira. Karibu zote zinarudi palepale, kwamba picha na rangi za mbele ya pakiti uachane nazo, ushuke kwenye maandishi madogo. Inategemea na umehamia nchi gani, zisizokuhusu ziruke.

Hatua ya 1: Nenda mara moja bila nia ya kununua

Chagua siku ya katikati ya wiki, asubuhi, duka likiwa halina watu, afu tembea tu. Zunguka safu zote, hata za chakula cha paka. Unachotafuta ni mpangilio, yaani kipi kiko wapi, kwa sababu mpangilio nao unatofautiana nchi na nchi na ndo unaokula muda. Mfano mdogo ni mayai. Marekani mayai huoshwa kabla ya kuuzwa kwa hiyo lazima yakae kwenye friji, nchi nyingi za Ulaya hayaoshwi na utayakuta yamepangwa tu kwenye shelfu ya kawaida, labda karibu na unga. Aliyezoea ya friji atazunguka kwenye mafriji mpaka achoke akidhani mayai yameisha.

Ukitoka, piga picha ile karatasi ya saa za kufungua iliyobandikwa mlangoni. Usidharau hii. Ujerumani kwa mfano Jumapili maduka karibu yote yamefungwa, imebaki vituo vikubwa vya treni na vituo vya mafuta ambako bei imechangamka, sasa wewe umezoea kununua kitu dakika yoyote unayokihitaji, Jumamosi usiku unagundua huna hata mkate. Angalia na sikukuu za huko, ziweke kwenye kalenda ya simu kabisa.

Hatua ya 2: Jifunze maneno 30, ila yawe ya dukani

Kozi za lugha zinaanza na habari gani, jina langu ni fulani. Sawa, ila hayo hayakusaidii mbele ya friji la maziwa. Andika orodha yako: maziwa freshi, mtindi, krimu, siagi, chumvi, sukari, unga wa ngano, nguruwe, karanga, iliyogandishwa, ya moshi, bila sukari, bila chumvi, ofa, kwa kilo, imeisha. Tafuta tafsiri zake, zihifadhi kwenye simu.

Apu za kutafsiri kwa kamera kama Google Translate zinasaidia sana lakini pakua lugha yenyewe ukiwa nyumbani ili ifanye kazi bila intaneti, maana ndani ya majengo mengine mtandao unapotea kabisa. Na usiiamini kila kitu, kuna siku ilinitafsiria pakiti ya viungo kuwa "bibi wa mlima", sijui nini kilitokea pale.

Sasa apu ikigoma, kuna njia ya pili ambayo mi naiona bora kuliko hata tafsiri. Geuza pakiti, tafuta jedwali la lishe, lile lenye mistari ya nishati, mafuta, wanga, protini, chumvi, sehemu nyingi kwa kila gramu 100. Namba haina lugha. Huna uhakika kama ni chumvi au sukari? Sukari itakuandikia wanga karibu gramu 100 katika gramu 100, chumvi itakuandikia nishati sifuri. Huna uhakika kama ni maziwa au mtindi? Soma vilivyomo, maziwa ya kawaida mara nyingi yataandikwa kitu kimoja tu, maziwa, ukiona kuna neno la pili linalofanana na "kalcha" au "bakteria" rudisha ulikotoa. Mafuta ya maziwa nayo angalia hapohapo, kamili yanacheza kwenye gramu 3.5 hivi, mengine ni nusu ya hapo au hayana kabisa. Rangi ya lebo isikudanganye, Uingereza kwa kawaida bluu ni maziwa yenye mafuta yote, kijani nusu, nyekundu hayana mafuta, ukivuka mpaka rangi hizohizo zina maana nyingine.

Hatua ya 3: Unga

Nimeupa hatua yake kwa sababu ndo unaowaliza wengi jikoni. Ngano ni ileile ila majina ni vurugu. Ujerumani pakiti imeandikwa 405 au 550 au 1050, Ufaransa T45, T55, T65, Italia 00. Hizo namba za Ujerumani na Ufaransa zinaonyesha kiasi cha majivu kinachobaki unga ukichomwa maabara, kwa lugha nyepesi ni kwamba namba ndogo ni unga mweupe laini na kadiri namba inavyopanda ndivyo unga unavyokuwa na pumba zaidi na rangi ya kahawia. Kwa mapishi ya kila siku anza na 405 au 550, au T55. Uingereza kuna unga unaoitwa wa kujiumua wenyewe, ndani tayari una baking pauda, ukiukandia kitu kisichotakiwa kuumuka shauri yako.

Hatua ya 4: Soma bei ndogo, achana na bei kubwa

Hapa tukae kidogo.

Kwenye lebo ya shelfu kuna bei mbili. Ile kubwa ni ya pakiti. Chini yake, kwa maandishi ya kutafutia miwani, kuna bei ya kilo moja au lita moja, na hiyo ndo ya kulinganishia. Nchi za Umoja wa Ulaya zina sheria ya kuionyesha iliyopitishwa mwaka 1998, Australia supamaketi kubwa zinalazimika tangu 2009, Marekani inategemea jimbo. Tuseme kuna pakiti ya gramu 400 kwa 2.20 na nyingine ya gramu 750 kwa 4.50, imeandikwa "pakiti ya familia" na nyota ya njano. Akili inakwambia chukua kubwa. Piga hesabu: ya kwanza ni 5.50 kwa kilo, ya pili ni 6.00. Familia imeliwa.

Angalia pia wasikuchanganyie vipimo, bidhaa moja imeandikwa bei kwa kilo na jirani yake kwa gramu 100, ukiangalia harakaharaka unaona ya pili ni rahisi mno. Na vyakula vya kopo vina uzito wa aina mbili, wa jumla na wa baada ya kumwaga maji. Kopo la maharage la gramu 400 linaweza kuwa na maharage gramu 240 tu, mengine yote ni maji unayomwaga kwenye sinki, kwa hiyo linganisha ule uzito mdogo.

Vipimo vyenyewe. Ukienda Marekani andika haya nyuma ya orodha yako: pauni moja ni gramu 454, aunsi moja gramu 28, galoni moja ni lita 3.8 hivi. Painti ni mtego, ya Uingereza ni mililita 568, ya Marekani 473. Kanada wanatumia kilo kisheria lakini kwenye matunda na mboga utakuta bei kubwa imeandikwa kwa pauni na ya kilo imejificha chini. Na sehemu kubwa ya Ulaya wanatumia mkato pale tunapoweka nukta, kwa hiyo 1,99 ni moja na senti tisini na tisa, sio elfu moja mia tisa na kitu, usitoke mbio.

Marekani kuna jambo la ziada, bei ya kwenye shelfu kwa kawaida haijajumlisha kodi, inaongezwa ukifika kaunta. Majimbo mengi hayatozi kodi hiyo kwenye vyakula vya kwenda kupika nyumbani lakini sabuni na tishu zinatozwa, ndo maana hesabu yako ya kichwani haiendani na ya mashine. Ukiwa na pesa taslimu kamili kabisa mkononi utaaibika.

Afu kuna bei za wenye kadi. Lebo moja ina bei mbili, ndogo inang'aa, ya kawaida imefifia, ile inayong'aa ni kwa mwenye kadi ya uanachama ya duka au apu yao. Mara nyingi ni bure kujiunga, unachotoa ni taarifa za manunuzi yako, pima mwenyewe kama unaona sawa. Mi nilijiunga kwa shingo upande baada ya kugundua miezi miwili yote nalipa ile iliyofifia.

Na la mwisho kwenye bei, acha kubadilisha kila kitu kwenda pesa ya nyumbani. Najua. Wote tunafanya. Unashika nyanya nne, unazidisha, unazirudisha kama zimekuunguza. Utakufa njaa umesimama. Badala yake jiulize hivi, hiki kitu ni dakika ngapi za kazi yangu ya huku? Kama unalipwa kwa saa, gawanya tu. Kwa hesabu hiyo utaona kuna vitu vilivyokutisha ambavyo ni dakika sita, na kuna vingine ulivyokuwa unabeba bila kuwaza ambavyo ni saa nzima. Kama bado hujapata kazi basi hesabu ni fupi zaidi, bajeti ya wiki, gawanya kwa siku.

Hatua ya 5: Tarehe

Kuna tarehe za aina mbili na wengi wanazichukulia kama moja. Moja inasema kitumike kabla ya siku fulani, hiyo ni ya usalama, iko kwenye nyama mbichi, samaki na vitu vya kuharibika haraka, ikipita tupa. Nyingine inasema ni bora zaidi kabla ya siku fulani, hiyo inahusu ladha na ubora tu, tambi au biskuti ikipitwa wiki mbili na pakiti haijafunguliwa nusa, onja, kula. Jifunze maneno yote mawili kwa lugha ya huko, yaongeze kwenye yale 30. Marekani usishangae kukuta utaratibu haueleweki, kwa sababu sheria ya nchi nzima inalazimisha tarehe kwenye maziwa ya unga ya watoto wachanga tu, zingine kampuni na majimbo yanajiamulia.

Mpangilio wa tarehe nao uuangalie. 04/07 kwa Mmarekani ni tarehe saba mwezi wa nne, kwa wengine wengi ni tarehe nne mwezi wa saba. Japani na Uchina wanaanza na mwaka.

Ukishazijua tarehe utanufaika na kona ya stika. Maduka mengi jioni yanabandika punguzo kwenye vitu vinavyoishia siku hiyo au kesho yake. Ulizia saa ngapi wanabandika, wafanyakazi wanakwambia bila shida. Nyama ya stika unaigandisha usiku huohuo.

Hatua ya 6: Kama kuna usivyokula, soma vilivyomo

Orodha ya vilivyomo inaanza na kilicho kingi zaidi kwa uzito kushuka chini. Ikiwa juisi ya embe imeanza na maji, sukari, afu tufaha, embe ikafuata mwishoni, ujue embe ilipita hapo kusalimia.

Umoja wa Ulaya kuna vitu 14 vinavyosababisha aleji ambavyo lazima viandikwe kwa namna inayoonekana tofauti, kwa kawaida herufi nzito, karanga, maziwa, mayai, ngano na kadhalika. Mwenye aleji hii sehemu ndo ya kwanza kusoma kila mara, hata kwa bidhaa uliyoizoea, kampuni hubadilisha mapishi kimyakimya.

Wanaokwepa nguruwe, ukiacha nyama yenyewe tafuta neno la jelatini, ambayo mara nyingi hutokana na nguruwe, lipo kwenye pipi laini, baadhi ya mtindi na keki. Namba zenye E mbele ni za viongeza vya chakula, E471 inaweza kutoka kwenye mimea au kwa mnyama na pakiti mara nyingi haisemi ni ipi, hapo tafuta bidhaa yenye alama ya halali au iliyoandikwa ya wala mboga. E120 ni rangi nyekundu inayotokana na wadudu. Kuna apu ya Open Food Facts, ilianzia Ufaransa mwaka 2012, ni ya bure, unaskani bakodi inakuletea vilivyomo, ila inajazwa na watu wa kujitolea kwa hiyo pakiti uliyoshika mkononi ndo yenye neno la mwisho.

Na kwa vile tumetaja bakodi, ile habari kwamba tarakimu za mwanzo zinakuonyesha bidhaa imetengenezwa nchi gani, sio kweli. Zinaonyesha kampuni ilisajili namba zake wapi, basi. Kitu kinaweza kuwa na namba za nchi moja na kimetengenezwa nyingine.

Hatua ya 7: Matunda na mboga, pima kwanza

Duka lingine keshia anapima kaunta, lingine unapima mwenyewe hukohuko kwenye mboga, unabonyeza picha au namba, inatoka stika unabandika kwenye mfuko. Ukiona mizani imesimama katikati ya mboga na watu wanaiendea, fuata watu. Usipopima unafika kaunta na foleni ya watu saba nyuma yako, keshia anakuonyesha kidole kule ulikotoka, na unarudi mbio umekumbatia vitunguu. Mi nimerudi mara tatu, ya tatu niliviacha vitunguu nikalipia vingine nikaondoka.

Ile stika ndogo kwenye tunda ina namba, ndizi za kawaida ni 4011 na nchi nyingi ni hiyohiyo, ikianza na 9 mbele, yaani 94011, ni za kilimo hai. Hiyo namba unaweza kuiingiza kwenye mashine badala ya kutafuta picha.

Hatua ya 8: Kaunta

Toroli nyingi zinadai sarafu, weka moja maalumu mfukoni usiitumie kwa kingine, unairudishiwa ukirudisha toroli. Beba mifuko yako kwa sababu ya dukani inauzwa. Panga vitu vizito mbele kwenye mkanda, mayai na mkate mwisho, weka kile kijiti cha kutenganisha baada ya vitu vyako, aliye nyuma atakupenda.

Kuna nchi keshia anaskani kwa kasi ya ajabu na hakuna anayekufungashia. Usijaribu kupanga vizuri palepale, hutamuweza. Rudisha vyote kwenye toroli kama vilivyo, lipa, sogea pembeni kwenye ile meza au dirishani, panga taratibu. Hakuna aliyeniambia hili, nililiona kwa bibi mmoja mzee aliyesafisha kaunta kwa sekunde kumi wakati mi bado nahangaika na kufungua mdomo wa mfuko.

Kaunta za mashine za kujihudumia ni nzuri kwa mgeni kwa sababu nyingi zina kitufe cha kubadilisha lugha na huna wa kukuharakisha. Usitupe risiti kabla hujatoka, sehemu nyingine geti halifunguki mpaka uiskani.

Hatua ya 9: Chupa tupu ni pesa

Nchi kadhaa unalipia chupa au kopo la kinywaji juu ya bei, ukirudisha unarudishiwa. Ujerumani chupa za plastiki na makopo ya kutumika mara moja ni senti 25 kila moja, utaratibu ulianza 2003. Unaingiza kwenye mashine bila kuiponda wala kubandua lebo, mashine inatoa karatasi, karatasi unaipeleka kaunta. Usiisahau karatasi mfukoni ukaifua na suruali.

Na kabla hujaanza kubeba maji ya chupa kupandisha ngazi, ulizia kama maji ya bomba ya hapo yananyweka. Sehemu nyingi yananyweka vizuri tu na mgongo wako utapumzika. Kwa ujumla, kama huna gari nunua kinachobebeka kwa mikono miwili, mara mbili kwa wiki. Friji la chumba cha kupanga nalo huwa dogo, halitaki shopingi ya mwezi.

Hatua ya 10: Geuza risiti iwe kamusi

Risiti za mwezi wa kwanza usizitupe. Kila risiti ina jina la kila kitu ulichonunua, kwa lugha ya huko, na wewe unavijua kwa sababu viko mbele yako jikoni. Bandika mlangoni mwa friji, chukua kalamu, pembeni ya kila mstari andika Kiswahili chake, na alama moja, vema kama utanunua tena, mkasi kama hapana. Majina mengine yamekatwakatwa kwa sababu nafasi ni ndogo, hayo linganisha na pakiti. Wiki ya tatu nilikuwa naandika orodha ya kwenda dukani kwa lugha ya wenyeji bila kugusa simu, nanakili tu kutoka mlangoni. Hapohapo unakagua kama umetozwa sawa, ikiwa bei ya risiti imezidi ya shelfu rudi na risiti siku hiyohiyo kwenye dawati la huduma, sio kwa keshia mwenye foleni, onyesha picha ya lebo ukiwa nayo.

Ile chupa yenye ng'ombe iko mstari wa pili wa risiti ya kwanza. Niliiwekea mkasi, baadaye nikaufuta nikaweka vema, kwa sababu mtindi wenyewe ulikuwa mtamu.